Kusimama Juu ya Mizinga ya Babu

Juzi binti yangu alinipeleka kupumzika kando ya bwawa moja kubwa, nikakuta vijana wamesimama juu ya maji. Kila mmoja alikuwa na ubao wake mrefu na kasia lake, wanakwenda taratibu kama watu wasio na haraka ya kufika popote. Kijana mmoja mwenye filimbi shingoni alikuwa akiwafundisha wageni. Alisema huu ni mchezo mpya, na kwamba yeyote anaweza kuuanza akishika mambo machache: panda ukiwa umepiga magoti, simama mguu mmoja baada ya mwingine, legeza magoti, tazama unakokwenda wala si miguu yako, halafu kasia ulivute kuja kwako. Aliponiona nimekaa kwenye kiti akanifuata kwa heshima zake zote, kama anayemwendea bibi yake, na kusema, "Shosho, hata wewe unaweza kujaribu. Usiogope."

Sikuwa naogopa. Kusema kweli nilikuwa nimekasirika kidogo, kwa sababu ya hilo neno "mpya". Nilisogea nikagusa ubao wake. Ulikuwa laini, unanuka plastiki kama ndoo iliyotoka dukani leo. Hapo ndipo nilipoitamani harufu nyingine kabisa, ya nta na moshi na mti mkavu uliolowa. Nyinyi wa rika langu mliokulia ukame wa Kitui mtashangaa mtu wa kwetu kujigamba kuhusu maji. Subirini niwaeleze.

Nyumbani kwetu ni nyuma ya vilima vya Nuu, mahali ambapo mto ni mchanga karibu mwaka mzima. Maji tuliyoyajua ni ya silanga, lile bwawa la udongo ambalo kina mama walilichimba kwa majembe na karai. Walifanya kazi hiyo kwa mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana, leo wako hapa, kesho wako kwa mwingine. Mama yangu ndiye alikuwa mtunza vyombo wa kikundi. Chumba chetu cha nyuma kilijaa majembe, makarai yaliyotoboka, sufuria la kupikia watu wengi, na mwiko mmoja mkubwa wa kusongea ugali wa harusi na matanga, mrefu kunishinda mimi, bapa lake pana kama sahani. Baba alikuwa na kibanda cha kuuza vitu mjini Sultan Hamud, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya mama, mimi, mdogo wangu Kyalo, na babu, baba yake baba, ambaye alikuwa na mizinga mingi kuliko marafiki.

Mizinga yenyewe ni ya magogo, ile tunayoiita myatu. Gogo la mti mwepesi hutobolewa ndani, likazibwa kila upande kwa kipande cha mbao, likatundikwa mtini. Kila mzinga wa babu ulichomwa kwa chuma cha moto alama ya ukoo wetu, mistari miwili na kitu kilichopinda katikati kama pembe. Asali ilikuwa jambo kubwa kwetu. Mtu wa ukoo mwingine akigusa mzinga usio wake, hilo halikuwa kosa la kuombea msamaha kwa kuku. Babu alituonyesha ile alama na kutuambia kwamba mtoto wa alama hii hawezi kupatwa na neno akiushika mzinga huu, lakini asiye wa alama hii atajuta. Alikuwa anasema juu ya wezi. Mimi nilisikia kwamba mzinga unatujua.

Mjomba Mutinda, ndugu mdogo wa mama, alikuja kukaa kwetu baada ya kumaliza kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la umeme huko mto Tana. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa bure. Akikosa kazi, atafungua redio nzima na kuirudisha, ikabaki skrubu moja mkononi. Huko Tana aliwaona vibarua wakivuka maji wamesimama juu ya mbao zilizofungwa kwenye mapipa. Kwetu hapakuwa na mapipa, lakini nyuma ya ghala kulikuwa na mizinga mizee iliyokimbiwa na nyuki, ambayo babu hakuruhusu ichanjwe kuni kwa sababu ya ile alama. Mjomba alimbembeleza babu karibu wiki nzima. Mwishowe babu alisema mizinga hiyo haina kazi, ila asione mtu ameivunja.

Mjomba akachagua mitatu iliyolingana urefu. Aliziba nyufa zote kwa nta iliyoyeyushwa juu ya moto, akaifunga ubavu kwa ubavu kwa kamba za mkonge, na juu yake akalaza mlango mwembamba wa ghala la zamani. Kasia lilikuwa ule mwiko mkubwa wa mwethya, ambao hakuuomba. Tulikibeba chombo chetu mpaka silanga, mimi na Kyalo tukishika nyuma, naye mbele akituelekeza kama anaongoza watu wanaopeleka mabati ya kanisa jipya. Kilielea. Maji yaliingia kidogo kati ya mizinga na kutoa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto, lakini kilielea.

Ilikuwa jua kali, mlango umepata moto, unachoma nyayo vizuri. Mjomba alitufundisha karibu na ukingo, mahali ambapo maji yalinifika kifuani. Alisema mwili ni kama karai la maji kichwani, ukiukaza unamwaga, ukiulegeza unafika nyumbani. Nilielewa mara moja, maana karai kichwani nililijua tangu sijaanza shule. Mara ya kwanza niliposimama wima nikiwa peke yangu, nikaona silanga yote kwa juu, pamoja na migongo ya vyura na kivuli changu kinachotetemeka chini, nilijiona mtu mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Sijawahi kupata furaha ya namna ile kwa kitu cha bure.

Sasa kulikuwa na jambo lililonishangaza. Mimi nilianguka mara chache. Kyalo, ambaye hakuwa hata ameanza darasa la kwanza, alianguka mara chache kuliko mimi. Lakini mjomba, mwalimu wetu, alianguka kila siku. Alikuwa akisimama vizuri, anapiga mwiko wake vizuri, mara puu, amezama, kofia yake inaelea. Nililifikiria jambo hili sana nikilisha mbuzi, na nikapata jibu. Mjomba ni wa ukoo wa mama, si wetu. Alama iliyo kwenye mizinga si yake. Mizinga inatubeba sisi kwa sababu inatujua, na yeye inamtupa. Nilipomuuliza, alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Ni kweli kabisa. Hizi mizinga za babu yenu zimenikataa." Nikachukua hayo kama ushahidi.

Leo najua alianguka kwa sababu alikuwa mzito na kwa sababu alipenda kugeuka kuwasalimia wasichana waliokuja kuteka maji. Wasichana walikuwa wengi jioni, na ndiyo maana jioni alilowa zaidi.

Mama hakupenda mchezo huu. Kwake maji yalikuwa ya kubebwa, si ya kusimamiwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia silanga kupita magoti; alipoteka maji alichutama ukingoni na kuingiza kibuyu kwa uangalifu wa mtu anayelisha ng'ombe mkali. Kuhusu mwiko aligundua kwenye matanga fulani, wageni walipolalamika ugali una harufu ya matope. Hakupiga mtu. Alimwagiza fundi achonge mwiko mpya kama ule, akaufungia chumba cha nyuma, na ule wa zamani akatutupia nje akisema huo sasa ni wa vyura. Mjomba alipoondoka tena kutafuta kibarua, alituachia chombo na onyo moja, kwamba tusiende mbali na ukingo. Katikati ya silanga kulikuwa na kichuguu kirefu kilichotokeza juu ya maji kama kisiwa, ambako ndege walitaga, na Kyalo alikuwa hawezi kukitazama bila kuuliza habari za mayai.

Siku ninayotaka kuwaeleza, mvua ilikuwa imenyesha vilimani lakini si kwetu. Ninyi mnaijua mvua ya aina hiyo. Kwako ni jua tupu, halafu korongo linaanza kunguruma. Mimi na mama tulikuwa shambani tukipalilia mbaazi, na Kyalo tulikuwa tumemwacha na babu, ambaye alisinzia. Upepo ulivuma kwa nguvu kidogo, wa baridi, wenye harufu ya udongo wa mbali. Kisha tukasikia Mama Ndunge, jirani yetu, akipiga mayowe kutoka silanga. Mama alitupa jembe. Sikuwahi kumwona mama akitupa jembe, na nikamfuata mbio kabla sijajua kuna nini.

Kyalo alikuwa juu ya kichuguu. Alikuwa amepiga mwiko peke yake mpaka huko, akashuka kutafuta mayai, na upepo ukachukua chombo chake ukakirudisha upande wetu. Kilikuwa kimekwama ukingoni, kinagonga tope polepole. Yeye alisimama huko ameukumbatia mwiko wa vyura. Maji mekundu yalikuwa yakiingia kutoka korongoni yakibeba matawi na povu na mavi ya mbuzi, na kichuguu kilikuwa kinapungua. Kile ambacho asubuhi kingetosha watoto wengi kucheza, sasa kilimtosha Kyalo na miguu yake tu. Hakuwa analia. Aliita "Mwaitu", yaani mama, mara moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chakula kiko tayari, na mama akaitikia vivyo hivyo.

Hakuna aliyejua kuogelea. Wanaume walikuwa sokoni, mbali, na Mama Ndunge alisema wakiitwa sasa watafika kuzika. Akanigeukia mimi. "Mwende ndiye anajua hiyo kitu," alimwambia mama. "Tuma Mwende."

Nilikuwa tayari. Nilikwisha ingiza mguu majini. Mama alinishika bega akanirudisha nyuma, hakunivuta kwa nguvu, na akasema, "Hapana. Mmoja ananitosha huko ndani. Mwende, kimbia ulete mwiko mpya, halafu unionyeshe mimi."

Nilikimbia na ufunguo alionipa. Niliporudi na mwiko alikuwa amejifunga leso kiunoni kwa fundo la kazi na kuvua viatu vyake vya matairi, ameviweka sawasawa, kimoja kando ya kingine. Nilipouona mguu wake ukielekea kwenye chombo, na alama ya ukoo wetu ikitokeza kwenye ncha ya kila mzinga juu ya maji, ndipo nilipolia. Nilimshika leso. Nilimwambia asipande, kwamba itamwangusha, kwamba yeye ni wa alama ya kina mjomba na mjomba ilimwangusha kila siku. Nilisema yote hayo kwa pamoja na sidhani Mama Ndunge alielewa hata neno.

Mama alielewa. Aliitazama alama, akanitazama mimi. "Hiyo ni ya kuzuia mwizi," alisema. "Maji haijui kusoma. Sasa nionyeshe mahali pa kuweka mguu."

Basi nikamfundisha mama yangu, kwa muda ambao mtu angetumia kuwasha moto. Nilimwambia apige magoti kwanza, katikati ya mlango, na asisimame mpaka nimemsukuma nje ya tope. Nilimwambia asimamishe mguu mmoja, kisha mwingine, miguu iachane, magoti yalegee kana kwamba ana karai kichwani. Alisimama. Mlango ukayumba, akainama kutazama miguu yake, na mizinga ikazama upande mmoja. "Usiangalie miguu," nikapiga kelele. "Angalia Kyalo." Akainua kichwa akamwangalia Kyalo, na chombo kikatulia.

Nilimwambia asonge maji kama ugali wa mwethya, ila avute kuja kwake. Hilo hakuhitaji kulisikia mara ya pili. Mikono iliyokuwa ikigeuza sufuria la watu mia haikuona maji ya silanga kuwa kitu. Alivuta kulia, akavuta kushoto, maji yakafunguka mbele yake. Mimi niliyekuwa ukingoni niliendelea kuzungumza na mizinga kimoyomoyo. Niliiambia kwamba huyu ni mama yetu, kwamba watoto wake wote ni wa alama hii, kwamba hata mlango inaoubeba ni wa ghala alilolijaza yeye. Niliiomba imbebe kwa ajili yetu kama haiwezi kumbeba kwa ajili yake. Tawi kubwa liligonga ubavu wa chombo, akachutama kidogo, kikainuka naye.

Alipofika, maji yalikuwa yamefika kwenye magoti ya Kyalo. Alisogeza chombo mpaka kikagusa kichuguu, akampa ncha ya mwiko. Kyalo aliutupa ule wa vyura, akashika mwiko wa mama, akapanda, na mara moja akamkumbatia miguu yote miwili kwa mikono yake yote. Mama Ndunge alianza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mimi ndipo nikaona kwamba nimesahau kitu.

Sikuwa nimemfundisha kugeuka. Kugeuka ni lazima uhamishe miguu, na miguu yake ilikuwa imefungwa na mtoto. Mama alijaribu kutazama nyuma kutuona, mabega tu yakageuka, na mlango wote ukainama mpaka maji yakapita juu ya mikono ya Kyalo. Alirudi akasimama wima. Nilijua anangoja nimwambie.

"Usigeuke," nilimwambia. "Rudi hivyo hivyo. Sukuma badala ya kuvuta. Mimi nakuona."

Alianza kusukuma. Mama yangu alirudi kwetu kinyumenyume, mgongo wake ukiwa kwetu, bila kuona hata kidogo anakokuja. Leso ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Sikuona uso wake, na mpaka leo sijui ulikuwaje. Upande wa kushoto maji yalikuwa yamefunika mti wa miiba, matawi machache tu yametokeza, na mkondo ulikuwa ukimpeleka huko. Nilisimama kwanza nikajipima mkono wangu wa kushoto ni upi. Kwa kuwa sote tulitazama upande mmoja, wa kwangu ulikuwa wa kwake, na chombo kikisukumwa kwa kushoto hukimbilia kulia. Nikaita, "Sukuma kushoto. Tena. Tena kushoto." Ungesema ananiona. Kila nilichosema mikono yake ilikifanya kabla sijafunga mdomo. Mama Ndunge alikuwa ameacha kuomba, na nilisikia sauti yangu peke yake juu ya maji yale yote. Niliogopa jinsi inavyotiiwa. Mtu mzima hakuwahi kunitii, na huyu ndiye aliyekuwa akinielekeza hata namna ya kukunja blanketi.

Walipita mti wa miiba, karibu kiasi kwamba tawi lilishika leso likaichana. Mama hakutazama. Aliendelea kusukuma, na aliendelea hata baada ya mizinga kugusa chini, mwiko unachimba tope, chombo hakisogei tena.

"Mwaitu, umefika," nilimwambia.

Hakugeuka. "Unaona tope?"

"Naiona. Niko ndani yake."

"Basi shukisha Kyalo kwanza."

Niliingia mpaka magotini nikaanza kumbandua mikono mdogo wangu, kidole kwa kidole, maana alikuwa ameganda. Nikampa Mama Ndunge. Mama alibaki amesimama palepale, macho yake bado kule kwenye kichuguu, ambacho sasa hakikuonekana.

"Na mimi?" aliuliza.

"Na wewe. Leta mguu nyuma. Ni hapa."

Niliinama nikaweka kiganja changu juu ya tope, pale pasipoteleza. Akarudisha mguu nyuma bila kutazama, akaukanyaga mkono wangu.